Valgrind, AddressSanitizer na libFuzzer: ipi ianze kwenye maktaba yako ya C?

Kama wiki hii una nafasi ya kuongeza kitu kimoja tu kwenye majaribio ya maktaba yako ya C, ongeza AddressSanitizer (kwa kifupi ASan), sehemu ya kompaila inayokamata makosa ya kugusa kumbukumbu programu ikiwa inaendeshwa. Ni ya bure, na aliyeweka build-essential kwenye Ubuntu au Debian tayari anayo, kwa sababu libasan na libubsan huja pamoja na kompaila ya GCC. Hakuna hata MB moja ya bando itakayotumika. Hukumu imetoka mapema. Yanayofuata ni sababu zake, pamoja na sehemu ambazo chombo hiki hakioni, ndipo Valgrind, mkaguzi mwingine wa kumbukumbu, na libFuzzer, inayobuni data za majaribio, wanapoitwa.

Kipimo kilichotumika hapa ni maktaba ndogo inayochukua SMS ghafi kutoka kwenye modemu ya GSM na kuigeuza kuwa maandishi ya UTF-8. Timu yoyote ya Kampala inayofanya kazi na modemu huishia ama kuiandika ama kuirithi. SMS kwetu bado ni kazi ya kila siku: U-Report ilianzia Uganda mwaka 2011 ikitegemea SMS, na risiti ya pesa za simu bado inaingia kwa njia hiyo hiyo. Tena msimbo wa kufungua SMS una mitego ya hesabu kuliko unavyoonekana.

SMS moja hubeba baiti 140. Kwa alfabeti ya GSM ya biti 7, hizo ni herufi 160, yaani 140 mara 8, gawanya kwa 7. Mwandishi anaiona 160, anakumbuka kuongeza nafasi moja ya sifuri ya mwisho, anaandika malloc(161) na kwenda zake. Majaribio yote yanapita kwa sababu yote ni ASCII. Lakini alfabeti hiyo ina £, é na herufi kadhaa za Kigiriki, na kila moja ya hizo ni baiti mbili kwenye UTF-8. Bafa salama, yaani nafasi ya kumbukumbu ya kupokea maandishi hayo, ni 321. Ukihamia UCS-2, usimbaji wa baiti mbili kwa kila herufi, SMS moja ina herufi 70 na kila moja yaweza kufika baiti tatu, kwa hiyo unahitaji 211. Na UCS-2 hapa si ajabu: ŋ ya Luganda haimo kwenye alfabeti ya GSM. Anayeandika ŋ badala ya ng' ameuhamisha ujumbe wote kwenda UCS-2, na wala hajui.

Kinachofanya kosa hili liishi miaka ni glibc, maktaba ya kawaida ya C kwenye Linux inayogawa kumbukumbu. Kwenye Linux ya biti 64, ukiomba baiti 161 unapewa kipande chenye baiti 168 zinazotumika, maana vipande hukatwa kwa mafungu ya 16. Ujumbe wa herufi 160 wenye £ moja hadi saba unaandika nje ya ulichoomba na hakuna kinachotokea. Wenye £ nane ndio unaogusa ukubwa wa kipande cha jirani, na programu inaanguka baadaye ndani ya free() ya kitu kingine kabisa. Hapo watu huanza kulaumu modemu.

AddressSanitizer

Jenga hivi:

gcc -g -O1 -fno-omit-frame-pointer \
  -fsanitize=address,undefined \
  -fno-sanitize-recover=undefined \
  sms.c jaribio.c -o jaribio

Bendera ya recover usiiache. Bila hiyo, UBSan (ile sehemu ya undefined, inayokamata tabia zisizofafanuliwa na C) huchapisha onyo, programu inaendelea na kumaliza kwa sifuri, na mfumo wako wa majaribio unahesabu kwamba mambo ni shwari. Kama bendera zako za kawaida zinawasha _FORTIFY_SOURCE, ukaguzi wa bafa wa glibc yenyewe, izime katika ujenzi huu kwa -U_FORTIFY_SOURCE. Viwili hivyo havielewani vizuri, na makosa mengine yanaweza kupita bila kuonekana. Wanaojenga kwa Meson waandike meson setup jenzi -Db_sanitize=address,undefined, na kama kompaila ni Clang waongeze -Db_lundef=false, la sivyo maktaba ya .so itakataa kuunganishwa.

Ripoti yake ndiyo inayoiweka mbele. Kwa bafa yetu ya 161 na £ moja, mistari ya maana ni hii:

ERROR: AddressSanitizer: heap-buffer-overflow
WRITE of size 1
0 bytes after 161-byte region

Kompaila za zamani kidogo huandika "to the right of" badala ya "after". Chini yake kuna msururu wa wito hadi kwenye mstari ulioandika, kisha msururu wa pili wa mahali kumbukumbu ilipotengwa. Wengi huishia hapo na kuruka ile jedwali ya namba mbili mbili iliyo mkiani. Usiiruke. Kila namba pale inasimamia baiti 8 za kumbukumbu halisi. Utaona 00 ishirini, ambazo ni baiti 160 nzima zinazoruhusiwa, halafu [01] kwenye mabano, halafu fa nyingi. Hiyo 01 inasema kwamba katika fungu hili la baiti nane ni baiti ya kwanza tu iliyo yako. Wewe uliandika ya pili. Ukiona fd badala ya fa, tatizo si kufurika: umegusa eneo ulilokwisha kuliachilia. f1 na f3 ni kingo za staki, kumbukumbu ya vigeu vya ndani ya funksheni. Baada ya ripoti chache utaanza kusoma jedwali kabla ya maneno.

Gharama zake zinajulikana tangu makala ya waundaji wake, wahandisi wa Google, kwenye mkutano wa USENIX mwaka 2012: wastani wa kupungua kasi ni asilimia 73 na kumbukumbu huongezeka mara 3.4. Laptopu ya mtumba yenye GB 8 inaibeba bila jasho. Kwenye GB 4, mzigo mkubwa ni karantini: AddressSanitizer hairudishi mara moja kumbukumbu iliyoachiliwa bali huishikilia hadi MB 256 ili imkamate atakayeigusa tena. Unaweza kuishusha kwa ASAN_OPTIONS=quarantine_size_mb=64. Bei ya kufanya hivyo ni kwamba kosa la kugusa kilichoachiliwa zamani linaweza kuponyoka.

Sasa mahali inapokwama. Ukiiendesha na ulimit -v imewekwa, haitaanza kabisa, kwa kuwa huhifadhi anwani za terabaiti kadhaa kwa ajili ya kumbukumbu kivuli, lile jedwali linaloonyesha baiti zipi zinaruhusiwa. Terabaiti hizo ni za makaratasi tu, RAM halisi haziguswi, ila ulimit haijali tofauti hiyo. Tatizo la pili limewasumbua wengi tangu 2024: keneli mpya za Ubuntu zilipandisha vm.mmap_rnd_bits hadi 32, na kompaila za zamani zikaanza kuanguka mara nyingine mwanzoni kabisa, zikirudia neno DEADLYSIGNAL bila kikomo. Dalili yake ni kuanguka leo na kupona kesho bila msimbo kubadilika. Dawa:

sudo sysctl vm.mmap_rnd_bits=28

au kompaila mpya. Ndani ya kontena au chini ya gdb, sehemu inayotafuta uvujaji (kumbukumbu iliyotengwa na kutoachiliwa) hugoma na kutaja ptrace; hapo zima uvujaji peke yake kwa detect_leaks=0 na uache mengine yakifanya kazi.

Timu nyingi hapa haziiti maktaba ya C moja kwa moja, huiita kutoka Python. Ukijenga .so yako na AddressSanitizer kisha ukaandika import, utaambiwa kwamba ASan haikutangulia kwenye orodha ya maktaba. Itangulize wewe:

LD_PRELOAD="$(gcc -print-file-name=libasan.so)" \
PYTHONMALLOC=malloc \
ASAN_OPTIONS=detect_leaks=0:log_path=/tmp/asan \
python3 -m pytest

PYTHONMALLOC=malloc ni ya lazima. Bila hiyo, Python inagawa vitu vidogo kutoka kwenye mabwawa yake yenyewe, na AddressSanitizer haioni mipaka ndani ya bwawa. detect_leaks=0 iko hapo kwa sababu Python hubakiza vingi inapofunga, na ripoti ya uvujaji ingekuwa kelele tupu. log_path inaokoa ripoti: pytest hushika kila kinachochapishwa, na programu ikifa ghafla ulichoshikiwa kinaweza kufa nayo. Faili itaitwa /tmp/asan ikifuatwa na nukta na namba ya mchakato.

Kuna makosa ambayo AddressSanitizer haiyaoni hata uyaweke mbele yake. Haioni kusoma kumbukumbu isiyojazwa. Haioni kufurika ndani ya struct moja: kama umeweka namba[16] ikifuatwa na matini[321], ukifurisha namba unaandika juu ya matini, na kwake huo ni mwili mmoja. Haioni ukiruka mbali sana ukatua katikati ya kipande kingine halali. Na kama maktaba yako ina bwawa lake la kumbukumbu, kila kilicho ndani ya bwawa ni halali machoni pake mpaka wewe uweke alama kwa ASAN_POISON_MEMORY_REGION. Ushauri ni rahisi zaidi: weka swichi ya kujenga maktaba bila bwawa, utumie malloc ya kawaida kwenye majaribio.

Valgrind

Valgrind ni mzee wa kazi, iko tangu 2002, na Memcheck, chombo chake cha kukagua kumbukumbu, bado ina jambo moja ambalo AddressSanitizer haina: inafuatilia kila biti kama imejazwa au la. Maktaba ya SMS inayosahau kuweka sifuri ya mwisho kwenye ujumbe mfupi itapita AddressSanitizer bila onyo endapo kwenye kipande kuna sifuri iliyobaki kwa bahati. Memcheck itasema "Conditional jump or move depends on uninitialised value(s)". Inasema hivyo pale thamani inapoamua njia, si pale inaponakiliwa, kwa hiyo mstari unaoonyeshwa mara nyingi uko ndani ya strlen, mbali na chanzo. --track-origins=yes inakupeleka kwenye chanzo, ila inapunguza kasi kwa nusu tena na kula angalau MB 100 zaidi.

Haihitaji kujenga upya. Hiyo ni faida kubwa ukipewa .so ya mtu bila msimbo wake. Amri kamili ni:

valgrind --leak-check=full --track-origins=yes \
  --error-exitcode=9 ./jaribio

Asiyeweka --error-exitcode hafanyi majaribio ya kiotomatiki, anapamba tu. Valgrind kwa kawaida hurudisha namba ile ile ya programu, kwa hiyo makosa mia yanaweza kuchapishwa na kazi ikahesabiwa imefaulu. Vilevile uvujaji hauhesabiwi kuwa kosa mpaka uweke --leak-check=full.

Kasi ndiyo inayoishusha. Tarajia mara 20 hadi 30 polepole kuliko kawaida. Tupige hesabu: majaribio ya dakika 1, timu inayotuma msimbo mara 10 kwa siku, siku 22 za kazi, ni safari 220 kwa mwezi. Kwa AddressSanitizer, ukikadiria dakika 2 kila safari, ni dakika 440. Kwa Valgrind, ukikadiria 25, ni 5,500. GitHub inatoa dakika 2,000 za bure kwa mwezi kwa hazina za faragha kwenye mpango wa bure. Hazina za wazi hazihesabiwi. Ukiiendesha ofisini kwenye mashine isiyo na betri, umeme ukikatika dakika ya 24 unaanza upya. Kwa hiyo Valgrind tunaiweka mara moja usiku, si kwa kila badiliko.

Na tena haioni kufurika kwa safu zilizo kwenye staki wala za kudumu. Msimbo wa SMS uliojaa char bafa[161] ndani ya funksheni utaonekana msafi kabisa. Hapo AddressSanitizer inaishinda waziwazi.

Vikwazo vidogo ambavyo hula asubuhi nzima: mradi wa Autotools huficha programu ya jaribio nyuma ya skripti, na Valgrind inaishia kuichunguza bash; tumia libtool --mode=execute valgrind kisha jina la jaribio. Wanaotumia maktaba ya Check kwa majaribio waweke CK_FORK=no, maana kila jaribio huzaliwa kama mchakato mpya na ripoti ya uvujaji hurudiwa kwa kila mtoto. Clang 14 kwenye Ubuntu 22.04 hutoa taarifa za utatuzi za DWARF 5 ambazo Valgrind ya toleo hilo haizimezi. Jenga na -gdwarf-4. Ikianguka ikilalamika kuhusu "unhandled instruction bytes", angalia kama mtu ameacha -march=native kwenye mashine yenye AVX-512. Na usiendeshe chini ya Valgrind programu iliyojengwa na AddressSanitizer. Viwili hivyo vinagombea kumbukumbu ile ile.

libFuzzer

Mpaka hapa kuna tatizo ambalo vyombo vyote viwili havitatui. Vinaona kosa pale tu jaribio linapopita juu yake. Majaribio yaliyoandikwa na mtu aliyeamini 161 yatakuwa na "Habari za asubuhi" na "Webale nnyo ssebo", yote ASCII, na AddressSanitizer itakaa kimya kwa haki kabisa. Kinachokosekana ni mtu mkorofi wa kuleta ujumbe ambao hakuna mwenye akili timamu angeutuma. Kazi hiyo ndiyo fazingi, na libFuzzer ndiyo njia fupi ya kuianza.

Hii inadai Clang, kwa hiyo hapa bando litaguswa: Clang na maktaba zake za LLVM ni mzigo mkubwa kuliko Valgrind, ipakue ukiwa kwenye Wi-Fi ya chuo au ofisi. Kiunganishi kikilia kwamba hakioni libclang_rt.fuzzer, umekosa pakiti ya libclang-rt ya toleo lile lile la Clang yako.

Unaandika funksheni moja:

#include <stdint.h>
#include <stdlib.h>
#include "sms.h"

int LLVMFuzzerTestOneInput(const uint8_t *d, size_t n) {
  if (n < 2) return 0;
  char *m = sms_fungua(d[0], d[1] & 1, d + 2, n - 2);
  free(m);
  return 0;
}

Baiti ya kwanza inachagua usimbaji (0x00 ni biti 7, 0x08 ni UCS-2), ya pili inasema kama ujumbe una kichwa cha ndani, kile kinachotumika kuunganisha SMS ndefu. Zilizobaki ni mwili. Jenga na uendeshe:

clang -g -O1 -fsanitize=fuzzer,address,undefined \
  -fno-sanitize-recover=undefined \
  sms.c mkorofi.c -o mkorofi
mkdir -p mbegu
./mkorofi -max_len=300 -max_total_time=600 mbegu/

Kwa nini 300 na si 142? Kwa sababu modemu mbovu au mtu mwenye nia mbaya haheshimu 140. Maktaba inayotegemea msimbo unaoiita kuheshimu kikomo haijamaliza kazi yake.

libFuzzer huanza na data fupi na kurefusha taratibu, na kosa letu linataka ujumbe mrefu. Mpe mbegu nzuri, yaani data za kuanzia, badala ya kumsubiri:

(printf '\000\000'; head -c 140 /dev/zero) > mbegu/ndefu
printf '\010\000\001\113' > mbegu/nga
printf '\000\001\377' > mbegu/kichwa-cha-uongo

Namba ni za msingi wa nane kwa makusudi. Sh ya Ubuntu haielewi \x. Mbegu ya kwanza ni sifuri 140, na sifuri kwenye alfabeti ya GSM ni @, kwa hiyo ni SMS ya @ mia moja na sitini. Inajaza 161 sawasawa bila kufurika. Sasa geuza biti moja tu ya herufi yoyote: inaweza kuwa £, è, ò, Δ, ¡, $ au nafasi. Tano za mwanzo ni baiti mbili. Yaani katika kila mageuzi saba ya biti moja, matano yanaivunja maktaba. libFuzzer hujaribu maelfu ya data kwa sekunde kwenye msimbo mdogo kama huu. Kosa lililolala miaka linatoka kabla maji ya chai hayajachemka.

Mbegu ya pili ni ŋ peke yake, 01 4B. Kutoka hapo mkorofi atakata baiti ya mwisho, na msimbo wa UCS-2 unaosoma mbili mbili bila kuhesabu kama urefu ni shufwa utasoma moja nje. Atatengeneza pia nusu ya emoji mwishoni mwa ujumbe, na msimbo utaitafuta nusu ya pili isiyokuwepo. libFuzzer hunakili kila data kwenye kipande cha hipu chenye ukubwa kamili, bila ziada, ndiyo maana AddressSanitizer hukamata hata usomaji wa baiti moja iliyozidi.

Mbegu ya tatu ndiyo ya hatari zaidi. Kichwa cha ndani huanza na baiti inayotaja urefu wake. Hapa inadai 255 na nyuma yake hakuna kitu. Msimbo unaoiamini utasoma kumbukumbu ya jirani, na kama unarudisha majibu, utaituma nje. Heartbleed ya OpenSSL iliyotangazwa Aprili 2014, CVE-2014-0160, ilikuwa ya ukoo huo: urefu uliotajwa na mtumaji, ukaaminiwa bila kupimwa. Ni moja ya sababu zilizoifanya Google kuanzisha OSS-Fuzz mwaka 2016, huduma inayofanya fazingi bure kwa miradi huria muhimu.

Kwa mazingira ya umeme wetu libFuzzer ina tabia nzuri: kila data mpya inayofungua njia mpya kwenye msimbo huandikwa papo hapo kwenye mbegu/. Umeme ukikatika, au Yaka, umeme wa kulipia kabla, ikiisha usiku wa manane, ukiwasha unaendelea karibu na ulipoachia. Kikomo chake cha kumbukumbu ni MB 2,048; kwenye laptopu ya GB 4 weka -rss_limit_mb=1024. Kikomo cha data moja kukwama ni sekunde 1,200, ambacho ni kikubwa kupita kiasi kwa kazi hii; -timeout=5 inatosha na itakuonyesha vitanzi visivyoisha.

Malalamiko mawili. La kwanza, husimama kwenye kosa la kwanza. Ukiwa na makosa kumi utayarekebisha moja moja, ukijenga upya kila mara. La pili, waundaji wake wamehamia kazi nyingine, kwa hiyo hurekebishwa makosa tu bila kuongezewa mapya. Kwa maktaba ndogo hilo halina uzito, na AFL++, chombo kingine cha fazingi, hukubali funksheni ile ile bila kubadilisha mstari, kwa hiyo ukitaka kuhama hujapoteza kitu.

Vilivyobaki, kwa ufupi: MemorySanitizer ni ya Clang pekee na inataka kila maktaba unayounganisha ijengwe nayo, kwa timu ndogo Valgrind ya usiku inatosha. ThreadSanitizer ni kwa wenye thredi, na haichanganyiki na AddressSanitizer katika ujenzi mmoja. Kama modemu zako zinasomwa na thredi mbili, ipe ujenzi wake.

Kuvifunga pamoja

Folda ya mbegu ndiyo mali. Iweke kwenye hazina pamoja na msimbo, na kila faili ya crash- ambayo libFuzzer inaacha, ipe jina linaloeleweka na uihamishie humo baada ya kurekebisha. Ikizidi kuvimba, ipunguze:

mkdir mbegu-safi
./mkorofi -merge=1 mbegu-safi mbegu

Kwa kila badiliko la msimbo, huhitaji fazingi mpya. Pitisha tu zilizopo, kwa sekunde chache:

./mkorofi -runs=0 mbegu/

Na asiye na Clang hajaachwa nyuma. Andika main() ya mistari kumi inayofungua kila faili iliyotajwa kwenye amri, inatenga bafa ya ukubwa kamili wa faili hiyo, na kuita LLVMFuzzerTestOneInput. Ijenge mara mbili kwa GCC: mara moja na AddressSanitizer kwa ajili ya kila badiliko, mara ya pili bila chochote kwa ajili ya Valgrind ya usiku. Bafa ya ukubwa kamili ni sharti. Ukisoma faili kwenye char bafa[4096] ya staki, usomaji uliozidi utaishia ndani ya bafa yako mwenyewe na hakuna chombo kitakachosema neno. Ile ya pili huendeshwa hivi:

valgrind --leak-check=full --error-exitcode=9 \
  ./pitisha mbegu/*